Waliopigwa na wenzao nao waandikwe

Mhariri,

Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, inapokaribia, magazeti na redio hurudia simulizi za Vita vya Kagera, tulivyopigana na Uganda ya Idi Amin: daraja la Kyaka, hotuba ya Mwalimu Nyerere ya uwezo, sababu na nia, na vijana waliotembea kwa miguu hadi Kampala. Huwa nazisoma zote, maana ni vita vya utotoni mwangu. Lakini liko tukio moja ambalo sijalisikia likitajwa kwenye sherehe hata mwaka mmoja, na lilitokea huku huku kwetu Musoma. Mwaka 1978, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza, mizinga yetu wenyewe ilitungua ndege tatu za jeshi letu.

Hili si siri ninayoifichua. Walioandika historia ya vita vile wamelitaja. Sisi wenyewe ndio tunaolipita kimya kimya.

Nilikuwa darasa la tatu. Nyuma ya darasa letu tulichimba handaki kwa majembe tuliyotoka nayo nyumbani, na mvua ikinyesha lilijaa maji ya matope, tukawa tunaingia hivyo hivyo. Usiku mama alitundika blanketi dirishani na kuweka kibatari chini ya meza ili mwanga usitoke nje. Ndege za Amin zilikuwa zimeshapiga Bukoba, na kila mtu alihesabu kuwa zamu yetu haiko mbali. Basi ngurumo ikisikika upande wa ziwani, mwalimu alipaza sauti, "Chini!" nasi tukalala kifudifudi, vumbi mdomoni. Sikumbuki hata mtoto mmoja aliyeinua kichwa kuuliza ile ndege ni ya nani.

Askari aliyekaa nyuma ya mzinga alikuwa na hofu ile ile, ila yeye mkononi alikuwa na silaha. Ndege ya kivita inayokwenda kilomita 900 kwa saa inakata mita 250 kila sekunde. Ukiiona ikiwa umbali wa kilomita tano, baada ya sekunde 20 iko utosini kwako. Na umbo lake lisingemsaidia sana. Amin alikuwa akirusha MiG za Kirusi, na ndege zetu zilikuwa za ukoo huo huo, nyingi zikiwa zimeundwa China kwa kufuata MiG. Mbawa zile zile, mkia ule ule, mlio ule ule.

Kwa hiyo simlaumu mpiga mzinga. Ninachouliza ni nani alipaswa kumpigia simu kumwambia kuwa leo ndege zetu zitapita hapa, saa fulani, zikitokea upande fulani. Katika karibu kila tukio la namna hii nililowahi kulisoma, kinachokosekana ni hiyo simu moja.

Tuangalie la jirani tu. Mei 4, 2020, ndege ya kampuni ya Kenya iliyobeba vifaa vya tiba wakati wa Korona ilitunguliwa ikikaribia kutua Berdale, Somalia. Watu sita waliokuwamo walikufa wote. Taarifa ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika kilichokuwa Somalia, ilieleza kuwa waliofyatua ni askari wa Ethiopia waliokuwa wakilinda eneo hilo, wasio chini ya AMISOM, na kwamba walidhani ni ndege ya kujitoa mhanga. Hawakuwa wameambiwa kuwa kuna ndege inakuja. Wanaolinda uwanja walikuwa upande mmoja na wanaoleta dawa, na bado hawakujuana.

Wala tusidhani ni umaskini wa vifaa. Aprili 14, 1994, kaskazini mwa Iraki, ndege mbili za Marekani aina ya F-15 zilitungua helikopta mbili za Marekani aina ya Black Hawk mchana kweupe. Watu 26 walikufa: Wamarekani, Waingereza, Wafaransa, Waturuki na Wakurdi. Angani palikuwa na ndege ya rada ya kuongoza wote, na baadhi ya waliokuwa ndani yake walijua kuwa helikopta zile zipo. Lakini helikopta zilikuwa kwenye masafa tofauti ya redio, na mitambo yao ya kujitambulisha ilitoa namba isiyotumika ndani ya eneo lile. Marubani wa F-15 walipita karibu, wakatazama kwa macho yao, wakaona helikopta za Iraki. Mtu akishaambiwa atarajie adui, macho humwonyesha adui.

Hata hivyo ripoti ya uchunguzi ilitolewa hadharani mwaka ule ule, na ndiyo maana mimi, mtu wa Musoma nisiye mwanajeshi, ninaweza kukusimulia hadi habari za masafa ya redio. Za Musoma siwezi. Na Julai 11, 1943, katika Vita vya Pili vya Dunia, kule Sisilia, kisiwa cha Italia, meli na mizinga ya Marekani na wenzao walipotungua ndege 23 kati ya 144 zilizokuwa zimebeba askari wao wa miavuli, jambo lile lilifichwa kwa miezi kadhaa, lakini halikuzikwa moja kwa moja. Mwaka uliofuata, ndege zilizokwenda Normandi, Ufaransa, zilipakwa mistari mipana mieupe na mieusi ili hata mtu wa chini aliyeshika bunduki azitambue.

Niliwahi kwenda Kaboya, wilayani Muleba, walikozikwa mashujaa wetu wa Kagera. Makaburi yamepangwa safu kwa safu kama gwaride. Nilitembea taratibu nikisoma majina, nikawa najiuliza ni wangapi humu ambao ndugu zao waliambiwa tu "amefia vitani" na mazungumzo yakaishia hapo. Mama anayo haki ya kujua kama mwanawe aliuawa na adui, alikufa kwa ajali kama wale wanajeshi wa Uganda ambao helikopta zao zilianguka Mlima Kenya Agosti 2012 wakielekea Somalia, au alipigwa na wenzake. Akijua, mwanawe hapungui ushujaa hata chembe.

Ombi langu kwa wahusika wa jeshi, kupitia gazeti lako, ni hili. Julai 25 ijayo, katika maelezo yanayosomwa mbele ya wananchi, tukio la Musoma litajwe: tarehe yake, majina ya waliokuwa kwenye ndege zile, yaliyowapata, na utaratibu gani ulibadilishwa baada ya pale. Askari waliokuwa kwenye mizinga ile, kama wapo hai, leo ni wazee wa miaka sabini na kitu. Waitwe waulizwe, kwa heshima na bila kutishwa, maana nao wamebeba mzigo ule peke yao miaka yote hii.

Msomaji wako,
Musoma