Mkimbizi naye ana muda wake

Mhariri,

Jumapili iliyopita ukurasa wako wa michezo ulimwandika binti wa mita 800 anayekimbilia timu ya wakimbizi. Safu mbili nzima: kambi, njaa, machozi ya mamake. Muda wake je? Nimeligeuza gazeti hata kwenye matangazo ya viwanja, wapi.

Mimi ni fundi wa tanga hapa Langoni. Alasiri maji yakitoka huwapeleka wasichana saba kukimbia ufuo wa Shela. Mita 200 nilizipima kwa kamba, fundo kila mita 20, nikasimika pondo huku na huku. Kwenda na kurudi mara mbili ndiyo mita 800 zetu. Mchanga umeinamia baharini, basi ukienda huumia mguu mmoja, ukirudi ni zamu ya mwenziwe. Saa ni ya simu yangu, kioo kimepasuka lakini tarakimu zaonekana.

Neno mkimbizi nalijua kwa ndani. Mwaka 1991 vita vya Somalia vilipofika Visiwa vya Bajuni, mama alitupakia chomboni tukaja huku. Shuleni mwalimu alikuwa akisema, "Wakimbizi wasimame," atuhesabu. Siku ya mbio nikatoka wa pili, uwanja mzima ukacheka: mkimbizi huyo, ataachaje kukimbia! Hakuna hata mmoja aliyeuliza nimetumia dakika ngapi. Mpaka leo sijui.

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Rose Nathike Lokonyen, aliyetoka kambi ya Kakuma akanolewa Ngong kwa Tegla Loroupe, mkimbiaji wetu wa zamani wa marathon, alibeba bendera mbele ya wenzake tisa wa timu ya wakimbizi kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Bendera hiyo kila mtu anaikumbuka. Mbio zenyewe za mita 800 alikimbia kwa dakika 2 na sekunde 16, yaani 2:16, na Tokyo akarudi na 2:11. Sekunde tano, Mhariri! Kwa mwendo ule ni kama mita 30, yaani fundo moja na nusu ya kamba yangu, na hazipatikani kwa kuonewa huruma. Zinapatikana kwa kujizuia raundi ya kwanza wakati damu inakusukuma, halafu kutolegea raundi ya pili mapaja yakiwaka moto. Paris 2024 akaja Perina Lokure Nakang, naye wa Kakuma, akaenda 2:08. Michezo hiyo hiyo Mary Moraa wetu alichukua shaba kwa 1:57. Ukiziweka namba hizo pamoja, msomaji ataliona pengo mwenyewe, na ataona pia linavyopungua.

Sisemi kambi isiandikwe. Iandikwe, njaa ni njaa. Lakini mkimbiaji wa Eldoret hamumwandiki bila muda wake, hata akiwa wa mwisho.

Nimeuliza haya pia kwa sababu ya mdogo wa kundi langu, ana miaka kumi na mitano. Juzi alimaliza pondo la mwisho kwa 2:41, miguu mitupu, kisha akaniuliza amebakisha sekunde ngapi amfikie Perina. Nikamwambia 33. Sasa anataka kujua na za huyo binti wenu wa Jumapili. Tafadhali zichapisheni.

Fundi wa tanga,
Langoni, Lamu