Kurasa za mashine zimeizamisha tovuti yetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze jambo lililotugharimu sisi watembeza wageni wa Mji wa Kale, kwa kuwa naona vijana wengi wa Mombasa wanaofungua tovuti bado wanaelezwa kombo.

Wapo wanaodai kwamba Google huzifukuza kurasa zote zilizoandikwa kwa akili mnemba, na wapo wanaodai kuwa haiwezi kuzitambua, kwa hivyo mtu ajaze tu. Wote wamekosea. Februari 2023 kampuni hiyo ilieleza bayana kwamba inachojali ni ubora wa makala na faida yake kwa msomaji, yawe yametungwa na mtu au na mashine, na kwamba kinachokatazwa ni kuitumia mashine ili kuhadaa mpangilio wa matokeo ya utafutaji. Miezi miwili kabla ya hapo ilikuwa imeongeza uzoefu wa mwandishi katika vigezo vya wakaguzi wake wa ubora, yaani kama kweli amefika mahali anapopasimulia.

Sisi hatukuyajua hayo. Tulikuwa na tovuti ndogo yenye makala 30 hivi tuliyoyaandika wenyewe, kuhusu milango ya nakshi, misikiti ya kale na vichochoro tunavyopita kila siku. Mwishoni mwa 2023 alitujia mtu aliyejiita mtaalamu, akatushawishi kwamba makala hayo ni machache mno, tukamlipa, naye kwa wiki mbili akapandisha kurasa zaidi ya 300 zilizotoka kwenye mashine bila yeyote kati yetu kuzisoma. Wasomaji waliongezeka kweli, tukafurahi. Siku nilipokaa kuzipitia nilikuta ukurasa unaosema kuwa Fort Jesus ilijengwa na Sultani wa Zanzibar, ilhali ngome ile ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596. Mwingine ulimwelekeza mgeni anayekwenda Diani avuke kwa gari juu ya daraja la Likoni, mahali ambapo atakachokikuta ni foleni ya feri. Niliona haya, maana jina letu liko juu ya kila ukurasa.

Machi 2024 Google ilitangaza kanuni mpya zinazotaja kuwa ni kosa kuzalisha kurasa kwa wingi kwa ajili tu ya kupanda katika matokeo, ziwe zimetungwa na mtu, na mashine au na wote wawili. Haukupita muda, waliotufikia kwa njia ya utafutaji wakapungua hadi karibu kwisha. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hata yale makala yetu 30 yalizama pamoja na takataka zile, kwani mitambo ya Google haipimi ukurasa mmoja mmoja pekee, bali huangalia pia hali ya tovuti nzima.

Kanuni hizo nazikubali, na adhabu tuliistahili. Ombi langu ni kwamba zitekelezwe kwa Kiswahili kwa ukali ule ule. Anayetafuta habari kwa Kiingereza ana kurasa nyingi nzuri zinazoshindana na zile mbovu. Kwetu kurasa ni chache, na uongo wa mashine hupanda juu kwa kukosa mshindani, kisha mwanafunzi anaunakili daftarini. Google ina fomu ya kuripoti kurasa za namna hiyo, na yeyote mwenye simu anaweza kuijaza. Gazeti lako nalo lingetusaidia sana likichapisha maelezo ya kanuni hizi kwa lugha nyepesi, kabla vijana wengine hawajalipia hasara kama yetu.

Sisi tumekwisha kuzifuta kurasa zote 300. Wasomaji hawajarudi kama zamani, lakini mwezi huu tumeongeza makala mawili, na kila mstari umesomwa na watu watatu kabla ya kupandishwa.

Mtembeza wageni,
Mji wa Kale, Mombasa