Binamu, neno lako lilikuwa "rekebisha"

Binamu,

Kompyuta yako imewaka. Nimeanza na hilo makusudi, maana nakujua: ukikuta lawama kwenye mstari wa kwanza hutafika wa pili.

Mwanao aliileta ndani ya mfuko wa plastiki, akaiweka mezani, akasema, "Baba anasema haiwaki." Basi. Hakuna "anakusalimu", hakuna "za siku nyingi". Miaka mitano ya kimya, halafu maneno matatu. Nilipomuuliza kama hujambo akasema hujambo, ila uko mbioni na kampeni. Kwa hiyo unagombea tena. Nimekaa na habari hiyo siku tatu kabla ya kushika bisibisi. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nakuandikia hadharani. Na najua shemeji husoma ninayoandika hapa, hata kama anakana. Shemeji, shikamoo. Msomee polepole.

Ugonjwa wa kutowaka ulikuwa mdogo. Ukibonyeza kitufe, feni ilizunguka sekunde mbili ikanyamaza, kioo cheusi. Nilichomoa chaja, nikatoa betri, nikafungua kifuniko cha chini na kuzitoa kadi mbili za RAM, zile za kumbukumbu ya muda. Meno yake yalikuwa yamefanya ukungu. Nikayasugua kwa raba ya penseli, nikapuliza, nikazirudisha mpaka zikalia ta, ikawaka. Dakika ishirini. Ungekuwa umekaa kwenye ile ngazi yetu ungesema "unaona, ni kuigusa tu", kama ulivyosema kuhusu redio ya babu, ambayo baada ya kuigusa tu tulibaki na skrubu tatu mkononi na hatukujua zilikotoka. Ulizificha kwenye soksi. Wiki nzima ulitembea ukichechemea, na redio ikaimba vizuri kuliko zamani. Tangu siku hiyo nimekuwa fundi, na wewe umekuwa mwanasiasa.

Ilipowaka ikaniambia ni Januari 2009. Ile betri ndogo ya mviringo kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya mashine, CR2032 ya volti 3, ilikuwa imekufa, na bila hiyo saa ya mashine haina pa kujishikiza umeme ukiondoka. Matokeo yake kivinjari kikagoma kufungua karibu kila ukurasa. Tovuti za siku hizi zina vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kwa mashine inayoamini iko 2009, vyeti vyote vya leo bado havijaanza kazi. Inaviona vya uongo. Nimewajua wagombea wa namna hiyo: saa yao ilisimama kwenye ushindi wao wa kwanza, na kila karatasi yenye tarehe ya leo wanaiita ya kughushi. Sikutaji. Wewe hujawahi hata kushinda.

Samahani. Hiyo imenitoka. Naiacha hivyo hivyo.

Betri hiyo ndogo nimeweka mpya. Feni nimeitoa vumbi. Kwenye diski ndiko kulikokuwa na kazi, maana ilikuwa inagonga, tk, tk, tk, sauti ambayo fundi akiisikia huacha hata kupumua. Diski ya namna hiyo hailazimishwi kufunguka. Kila unapoiwasha unaipunguzia siku. Niliwasha mashine kwa flashi yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, nikaacha diski yako bila kuiandikia kitu, nikaanza kuinakili yote kwenda diski nyingine kwa ddrescue, programu ya kuokoa data. Programu hiyo ina busara ya mzee: inachukua kwanza sehemu nzima zisizo na shida, zile zilizoharibika inaziruka, kisha inazirudia mwisho kidogo kidogo. Ilikesha usiku wote na asubuhi yote. Picha zote za mama mkubwa zimepona. Nywila yako bado ni ileile, jina la yule... hapana, watu wanasoma. Ibadilishe.

Na hapo ndipo nilipolikuta lile faili.

Unakumbuka betri kubwa ya mashine hii ilikuwa imekufa tangu wakati ule, ilikuwa inaishi kwa chaja peke yake. Ulipoivuta chaja ukutani usiku ule wa kuhesabu kura ilizima palepale, na mimi miaka yote hii nimeamini jedwali letu la kura lilikufa nayo. Halikufa. Programu ilikuwa inajihifadhia nakala kila baada ya dakika kumi, kwenye folda ambayo mimi, fundi, sikuwahi kuitazama. Nimelifungua. Vituo 31, safu mbili za kura, yako na ya mpinzani wako, na chini kabisa jumla: yeye 2,914, wewe 2,686. Tofauti 228. Namba ileile niliyoisoma kwa sauti chumbani, kina mama wakaanza kukusanya viti.

Ngoja nikuambie ninavyoukumbuka usiku ule, halafu wewe unikosoe.

Ilikuwa imepita saa saba. Mawakala walikuwa wanatuma namba kwa simu, wewe unanisomea, mimi naandika. Niliposoma jumla ukasema, "Haiwezekani. Chukua fomu, tuhesabu kwa mkono, mimi nione." Nikacheka. Nakiri nilicheka. Nilikuwa nimejenga jedwali lile wiki nzima, lina rangi, lina mistari, namba zote nimezipanga katikati ili zipendeze. Nikakwambia, "Mashine haina chama." Sentensi hiyo nilikuwa nimeitunza, nangojea pa kuisemea. Watu wakaguna kwa kuipenda. Wewe ukainama mpaka sikioni pangu na ukasema taratibu, "Basi rekebisha."

Mimi nikasimama. Nikasema, kwa sauti ya kufika mpaka uani, "Mimi sirekebishi matokeo ya mtu."

Kimya kile nakisikia hadi leo. Kabla hakujakucha mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba mgombea amemwomba ndugu yake achakachue kura. Na wewe, mbele ya mama yangu, mama yangu aliyekufungia kanga uanze kutembea, ukaniuliza, "Wamekununua kwa kiasi gani?" Ukavuta chaja. Kioo kikawa cheusi na uso wangu ukaonekana humo, mdomo wazi.

Hilo la kununuliwa sijakusamehe. Nimejaribu. Siku mama alipozikwa ulisimama upande wa pili wa kaburi, ukaniona, ukatazama viatu vyako, na mimi nilikuwa tayari kabisa kukusamehe siku hiyo ungeinua kichwa tu.

Sasa sikiliza. Mawakala wetu waliposikia 228 walikwenda kulala. Nani akeshe kulinda kushindwa kwa kura 228? Asubuhi matokeo rasmi yalipotangazwa yalikuwa yeye 2,914, wewe 2,873. Tofauti 41. Watu 41 hawajazi hata basi. Muda wa kuomba kura zihesabiwe upya ulipita bila mtu wetu mezani, na wote tukasema wenzetu wamezipika namba usiku, mara hii kwa faida yako, jambo ambalo hata halikuwa na akili, lakini nani alitaka akili asubuhi ile.

Namba hazikupikwa. Kituo cha 31, cha mwisho kuandikwa, wewe ulipata 187. Kwenye jedwali inasomeka 187. Niliitazama muda mrefu. Nikabonyeza kijumba chenyewe, nikaifuta ile namba ya mbele peke yake, nikaona. Haikuwa moja. Ilikuwa herufi l, ndogo, ya "leo".

Unajua tulijifunzia wapi kuchapa. Taipureta ile haikuwa na namba moja kabisa. Mwalimu alisema tumia l, zinafanana. Miaka yote nilijirudi, lakini mkono ukichoka unarudi ulikozaliwa. Kwa jedwali, l87 ni neno kama "mbuzi" ni neno, na ukiliambia lijumlishe safu, linaruka maneno bila kukuambia kitu. Halipigi kelele, haliandiki kosa. Kawaida lingenionyesha dalili moja: maneno hukaa kushoto mwa kijumba na namba hukaa kulia, kwa hiyo jicho lingeiona imejitenga. Mimi nilikuwa nimezipanga zote katikati ili zipendeze.

2,686 ongeza 187. Fanya mwenyewe. Kwa mkono.

Usinielewe vibaya, makosa haya yamewapata wenye pesa na wataalamu kuliko mimi. Ubelgiji, Mei 2003, mgombea mmoja wa Schaerbeek alipewa na kompyuta kura 4,096 asizopigiwa. Walishtuka kwa sababu zilizidi kiasi kilichowezekana. 4,096 ni mbili ikizidishwa kwa mbili mpaka zitimie mbili kumi na mbili; maana yake sehemu moja ndogo ya kumbukumbu ya mashine iliyotakiwa kuwa sifuri iligeuka moja. Waliipima mashine wasione ugonjwa, mwisho wakabaki kudhani ni chembe kutoka angani iliyopita hapo. Mimi sikuwa na chembe ya angani, nilikuwa na kidole. Florida mwaka 2000 urais wa Marekani uliamuliwa kwa kura 537, watu wazima wakiinua kadi za kura kwenye mwanga kutazama kama kitundu kimetoboka sawasawa. Na hii ungeipenda: Uholanzi, 2006, mafundi wakorofi waliifungua mashine ya kupigia kura wakaifanya icheze chesi, baada ya mtengenezaji kusema angependa kuona mtu akithibitisha kwamba inawezekana. Nchi ikaishia kurudi kwenye karatasi na penseli nyekundu. Niliposoma habari hiyo nilichukua simu kukupigia, kisha nikakumbuka.

Iko moja nimeiacha mwisho kwa sababu inaniuma. Mwaka 2009 mahakama ya katiba ya Ujerumani ilizikataa mashine za kura zilizokuwa zimetumika huko. Hoja yake, kwa maneno yangu: hatua za msingi za kuhesabu lazima mwananchi wa kawaida aweze kuzikagua mwenyewe bila kuwa mtaalamu. Majaji wa Ujerumani, binamu, na majoho yao mekundu, walisema "tuhesabu, mimi nione". Nikacheka.

Kwa hiyo swali ninalokuuliza ni moja na ndilo lililonifanya nisilale. Uliposema "rekebisha", ulimaanisha nini? Nilisikia: panga namba upya tushinde. Lakini fundi akiambiwa rekebisha, huwa anaambiwa kuna kitu kimeharibika. Mwanao ameleta kompyuta nirekebishe, na sikudhani ananiomba nighushi. Kama ulimaanisha kosa liko humo, litafute, basi ulikuwa sahihi, na mimi nilikutangaza mwizi mbele ya uani nzima kwa sababu ya sentensi yangu nzuri.

Na kama ulimaanisha lile jingine, basi nilifanya sawa kukataa, hata kama jedwali lilikuwa bovu. Nataka hilo liandikwe pia. Mtu anaweza kukosea hesabu na asiwe amenunuliwa. Na 228 au 41, binamu, ulishindwa. Hukushindwa kwa sababu yangu wala ya taipureta. Ulishindwa kwa sababu kwenye kituo cha shule ulikwenda mara moja tu, ukahutubia saa nzima kuhusu maendeleo, mtu akauliza habari ya kisima ukamwambia asubiri zamu yake. Nilikuwepo, nilishika kipaza sauti. Nilikwambia tukiwa njiani kurudi, ukapandisha kioo cha gari.

Ushauri ulikuja kuutaka, sivyo? Usipoutaka nakupa. Mara hii usiniachie mimi wala kijana yeyote mwenye jedwali la rangi. Weka watu wawili wasiopendana, mmoja aandike kwenye mashine, mwingine kwenye daftari, kila baada ya vituo vitano walinganishe. Hakikisha kila wakala amepiga picha fomu iliyosainiwa kabla hajatuma namba. Jedwali lihesabu pia vijumba vingapi vina namba: vikiwa 30 na vituo ni 31, wote wakae chini. Na wakala asilale mpaka itangazwe, hata akiambiwa na fundi wa ukoo kwamba mashine haina chama. Ningeyajua haya wakati ule ningeyafanya. Nilikuwa peke yangu, usiku, sijapumzika siku mbili, na hakuna aliyenilipa, jambo ambalo ukilifikiri ni jibu tosha la swali lako.

Diski yako ya zamani sikuitupa, imo kwenye bahasha. Nimekuwekea SSD, diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka ndani, utaona inawaka kabla hujakaa vizuri. Ile betri kubwa ya nje bado imekufa na sikuibadilisha, kwa hiyo ukichomoa chaja itazima kama zamani. Ukiwa na hasira ondoka wewe, iache yenyewe ukutani. Lile faili nimeliacha katikati ya kioo, lenye l yake, sijaligusa. Sitalirekebisha mpaka uje.

Mwanao nimemwambia aje Jumamosi kuichukua. Ukija mwenyewe pia mlango ni uleule. Nilipomaliza kufunga kifuniko nilikagua meza, na skrubu moja imebaki. Sijui ya wapi.