Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje: tusifungamane na yeyote, ila tuongee

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Makambako. Najua umepita hapa, anayetoka Dar kwenda Mbeya au Songea kwa barabara kwa kawaida hupita hapa, ila sijui kama umewahi kushuka kwenye gari ukaangalia jinsi reli na barabara zinavyokutana huku kwetu. Reli ni ya Mchina, TAZARA, kilomita 1,860 toka Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, wameijenga 1970 mpaka 1975. Barabara ya TANZAM, hii ya kwenda Zambia, kwa sehemu ni hela ya Mmarekani, na imejengwa karibu miaka hiyohiyo. Yaani Mchina na Mmarekani walikuwa wanatuchimbia milima kwa wakati mmoja na wao kwa wao hata ubalozi walikuwa hawajafunguliana, mpaka 1979 huko.

Marehemu baba alikuwa kibarua wa reli, baadaye akawa kwenye gengi la kutunza njia. Alikuwa na kikombe cha bati cheupe chenye ukingo wa bluu na maandishi ya Kichina chini, kimebanduka rangi pembeni ya mkono, hakuna mtu aliruhusiwa kukinywea. Alituelezea kwamba bidhaa za China zilikuwa zinaletwa zinauzwa madukani kwetu na hela ile ndo inalipa mishahara ya vibarua, kwa hiyo kile kikombe alikinunua kwa mshahara uliotokana na vikombe. Nilicheka nikiwa mdogo. Siku hizi naona yule mzee alikuwa ananifundisha kwamba hata msaada wa rafiki una hesabu zake na lazima uzijue.

Hiyo ndiyo kutofungamana niliyokulia mimi, Mheshimiwa, na haikuwa ya kimya kimya. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi walikata msaada wa kijeshi kisa Ujerumani Mashariki imepewa nafasi ya ubalozi mdogo kwetu, Mwalimu akawaambia basi chukueni na huo mwingine uliobaki. Desemba mwaka huohuo tukavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako walowezi weupe walijitangazia uhuru wao, mkopo wa paundi milioni 7.5 ukapotea. Nchi maskini, ina miaka minne tu toka uhuru! Iliuma, lakini watu walijua inauma kwa sababu gani maana walielezwa.

Sasa tuje huku kwetu. Tarehe 2 Machi 2022 Umoja wa Mataifa wanapiga kura kuitaka Urusi itoke Ukraine ilikoingia kivita, nchi 141 zinasema ndiyo, sisi tuko kwenye zile 35 zilizojizuia. Mimi sisemi tulikosea, inawezekana kabisa ndo ilikuwa sahihi, na Uganda na Burundi walifanya hivyohivyo. Kinachoniuma ni kwamba sikusikia mtu akikaa akatueleza sisi wakulima, kwa Kiswahili, kwa nini. Kenya walisema ndiyo na kabla ya hapo balozi wao alisimama Baraza la Usalama akaongelea mipaka tuliyochorewa na wakoloni, ukubali usikubali ila umeelewa jirani anasimamia nini. Sisi tulinyamaza tu, na vita ikatufuata hukuhuku: mbolea ya DAP ikavuka laki moja kwa mfuko, serikali ikamwaga bilioni 100 kwa mwezi kupunguza makali ya mafuta, na Januari 2023 tukapokea mwili wa kijana wetu aliyeenda Urusi kusoma, akafungwa, akaambiwa akipigana atasamehewa, akafia Ukraine. Kwa hiyo kukaa kimya hakujatukinga.

Halafu kuna la dawa. Mkoa wetu wa Njombe una maambukizi ya VVU asilimia 12.7, hakuna mkoa unaotuzidi. Shemeji yangu alikuwa mshauri nasaha kwenye mradi mmoja wa hela za Marekani, mwanzoni mwa 2025 Rais Trump kule amesimamisha misaada, huku akapata meseji kwenye simu asije kazini kesho. Meseji tu. Alikuwa na daftari la wateja wake wanaoogopa kuonekana kliniki, akawa anawapigia kwa vocha yake mwenyewe kuwakumbusha tarehe. Sasa niambie Mheshimiwa, tutamkatalia vipi mtu jambo wakati vidonge vya watu wetu viko mfukoni mwake? Nakuomba umbane mwenzako wa Fedha, dawa hizi tuzilipe wenyewe hata kama ni kidogo kidogo, hilo ni suala la mambo ya nje kuliko safari zote.

Na hapa mwishoni ndipo penye moto. TAZARA inakabidhiwa kampuni ya China kwa miaka 30, tumesikia dola bilioni 1.4. Mmarekani naye ameweka hela zake kwenye reli ya Lobito kule Angola, na wote wanataka shaba ileile ya Zambia na Kongo. Mimi nafurahi, reli hii haijawahi kubeba tani milioni 2 kwa mwaka iliyojengewa, majani yameota stesheni na watoto wanaanikia mahindi pale. Wakubwa wakikugombania ndo muda wa kuongea bei, sio muda wa kusaini haraka haraka. Lakini mkataba wenyewe mimi sijauona, na sijakutana na mtu huku aliyeuona.

Bajeti ya wizara yako ikifika bungeni tutakuwa tunasikiliza redio hapa stendi kama kila mwaka. Mwombe mwenzako wa Uchukuzi mtusomee kifungu kimoja tu, kile kinachosema nani anaamua treni ibebe mzigo wa nani kwanza, shaba yao au mahindi yetu.