Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani: mimea hii ipimwe hadi mwisho

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Mimi ni mtu wa maabara. Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kuotesha bakteria, kuwawekea dondoo za mimea ya dawa, na kuangalia kesho yake kama wamekufa. Nakuandikia kwa sababu kazi hii, inayofanywa na watu wengi duniani, karibu kila mara huishia palepale.

Unasaga magome makavu, unayaloweka kwenye ethanoli, yaani alkoholi, siku mbili tatu, unachuja, unakausha. Kinachobaki ni kitu cheusi kinachonata kama lami. Unakiyeyusha, unadondoshea tone kwenye kikaratasi cha mviringo chenye upana wa milimita 6, kisha unakilaza kwenye sahani, juu ya agari (jeli ya kuoteshea vijidudu) iliyopakwa bakteria. Asubuhi ukifungua kabati la joto, bakteria wametanda sahani nzima kama ukungu, ila kukizunguka kile kikaratasi pako peupe. Unachukua rula: milimita 14. Furaha inakujaa. Unaandika makala kwamba mmea huu unaua bakteria sugu, wale wasiosikia dawa, na safari inakomea hapo.

Lakini duara lile halisemi mengi. Ukubwa wake hutegemea pia jinsi kemikali inavyosambaa ndani ya agari. Siku moja nilipata duara zuri ajabu, kumbe kikaratasi hakikukauka sawasawa. Ethanoli ndiyo iliyoua. Tangu siku hiyo kikaratasi cha ethanoli tupu hakikosekani kwenye sahani zangu. Mara nyingine mmea uleule, uliovunwa msimu tofauti, haukufanya lolote. Halafu kuna suala la kipimo. Dondoo ghafi nyingi huhitaji mamia ya mikrogramu kwa kila mililita ili kuwazuia bakteria, ilhali antibayotiki nzuri mara nyingi hutosheka na mikrogramu moja au pungufu. Kwa wingi huo, seli za mgonjwa nazo zinaweza kuumia. Na bakteria wenye utando wa ziada wa nje, kama Klebsiella na Acinetobacter, huzuia kemikali nyingi za mimea zisiingie. Hao ndio walio juu kabisa kwenye orodha ya bakteria hatari ambayo shirika lako liliihuisha mwaka 2024.

Siibezi mimea. Ningekuwa naibeza ningeshaacha kazi hii.

Tazama mimea ya jamii ya Berberis. Inatengeneza berberini, kemikali ya manjano yenye uwezo wa kuua bakteria, lakini bakteria aitwaye Staphylococcus aureus ana pampu kwenye ngozi ya seli yake inayoitema nje kabla haijamdhuru. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya mimea hiyo hutengeneza pia kemikali ya pili, ambayo peke yake haiui kitu. Kazi yake ni kuiziba ile pampu. Zikiwa pamoja, bakteria hana pa kupitia. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mmea ulilijua hilo kabla yetu. Pampu hiyohiyo ndiyo hutema antibayotiki iitwayo norfloksasini, na kemikali ile iliiongezea norfloksasini nguvu maabara. Sasa fikiria ni visaidizi vingapi vya namna hii tumevitupa kwa sababu tu vikiwa peke yake havikuacha duara!

Mmea ukifuatiliwa unaweza kufika mbali. Mwanasayansi Tu Youyou na wenzake nchini China walipong'amua kwamba joto linaiharibu dawa ya malaria iliyomo kwenye mmea wa Artemisia annua, waliikamua kwa etha, kimiminika kinachochemka kwenye joto dogo. Wakaipima kwa wanyama, wakainywa wenyewe, kisha wakawapa wagonjwa. Ile ilikuwa malaria, na vimelea vyake si bakteria, lakini njia ni hiyohiyo: kutoka jani hadi kitandani kwa mgonjwa, bila kuruka hatua.

Mwaka 2019 pekee, vifo takriban milioni 1.27 vilisababishwa moja kwa moja na bakteria waliozishinda dawa. Kwa hiyo naomba shirika lako litoe utaratibu mmoja wa kupima dondoo za mimea, unaofuatika hata katika maabara ndogo. Jina la mmea lithibitishwe kwa sampuli iliyohifadhiwa, na msimu wa kuvuna uandikwe. Kiwango cha chini kinachozuia bakteria kipimwe kwa bakteria sugu wa kwenye orodha yenu, sumu ipimwe kwa seli za binadamu, na kila dondoo ijaribiwe pia pamoja na antibayotiki za zamani. Majibu ya "haukufanya kazi" nayo yachapishwe. Kituo chenu cha tiba asili kule Jamnagar, India, kinaweza kuibeba kazi hii. Na mganga aliyetuonyesha mmea atambuliwe kwa maandishi tangu siku ya kwanza, na apate sehemu yake ya faida.

Mpaka hapo, tusimwambie mtu mwenye maambukizi makali ya bakteria kwenye damu aache sindano anywe majani. Saa chache tu zinaweza kumpoteza.

Kwenye friza nina mirija 23 ya dondoo, kila mmoja una tarehe na jina la mmea. Utaratibu ukitoka, nitaanza na mrija wa kwanza.

Wako katika kazi,
Mtumishi wa maabara