Si kila macho ya manjano ni ini bovu

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala yenu ya afya iliyodai kwamba mtu akionekana na macho ya manjano, basi ini lake limekwisha. Nimestaafu kazi ya maabara, na macho yangu mwenyewe hayajawahi kuwa meupe sawasawa tangu ujana. Bilirubini yangu, yaani ile rangi ya manjano iliyomo kwenye damu, hucheza kwenye miligramu 2 kwa desilita, ilhali maabara nyingi huweka ukomo kwenye 1.2 hivi. Nikifunga au nikishikwa na mafua, hupanda. Vipimo vingine vyote vya ini viko sawa.

Hali hii ya kurithi huitwa Gilbert, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1901. Bilirubini hutokana na chembe nyekundu za damu zilizozeeka na kuvunjwa. Ini huiandaa itoke pamoja na nyongo, lakini kwetu sisi kimeng'enya cha kazi hiyo, kinachotokana na jeni ya UGT1A1, kina takriban thuluthi moja tu ya nguvu ya kawaida. Basi. Hakuna kilichooza.

Makala iliiita bilirubini taka tupu, na hapo ndipo nilipochukua kalamu. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani walionyesha kimaabara kwamba bilirubini huzima radikali huru, zile chembe kali zinazoshambulia mafuta ya seli na hata DNA. Ndiyo maana wanasayansi wamekuwa wakichunguza damu na mkojo wa watu wa aina yangu, wakitafuta alama za DNA iliyojeruhiwa, kama guanini (mojawapo ya vijenzi vya DNA) iliyoharibiwa kwa oksijeni. Majibu hayajalingana: kuna vikundi vilivyoonekana kuwa na majeraha machache, na vingine havikutofautiana na watu wengine. Kwa hiyo sitajivunia macho yangu kama dawa ya saratani, na anayeuza vidonge vya "kupandisha bilirubini" asinitafute. Ikizidi mno hugeuka sumu. Kwa mtoto mchanga inaweza kuharibu ubongo.

Jambo ambalo makala ingepaswa kulisema ni hili. Majibu yakionyesha bilirubini imepanda, uliza kama ni ile ambayo ini bado halijaiandaa au ile iliyokwisha kuandaliwa, na kama vipimo vingine vya ini na vya damu viko sawa. Mkojo ukiwa mweusi, choo kikipauka au mwili ukiwasha, nenda hospitali bila kungoja. Na mwenye Gilbert akiandikiwa irinotekani, dawa ya saratani, amwambie daktari mapema: mwili huiondoa kwa kimeng'enya hichohicho kivivu, na dozi huenda ikahitaji kupunguzwa.

Naomba mchapishe masahihisho kwenye ukurasa uleule wa afya, kwa herufi za ukubwa uleule.

Fundi sanifu maabara mstaafu