Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Waongoza Ziara za Jiji

Ndugu wanachama,

Kama katiba yetu inavyotaka, ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na orodha ya wanachama wapya iko kwa katibu, kwa hiyo sitazirudia. Nafasi hii naitumia kuzungumzia kazi yenyewe: kuwatembeza wageni jijini kwa boti, kwa basi, kwa helikopta na kwa miguu. Kamati ya utendaji ilipopitia malalamiko na ripoti zilizoletwa mezani, jambo moja lilijirudia karibu kila mara. Ziara huharibika kabla haijaanza. Huharibikia gatini, kwenye mizani, kwenye ratiba au kwenye kuhesabu watu, na mwongozaji awe hodari wa kusema kiasi gani, hawezi tena kuiokoa.

Naanza na boti. Tarehe 24 Julai 1915 meli ya Eastland ilipinduka katika Mto Chicago ikiwa bado imefungwa gatini, abiria wakiwa wamejaa kwa safari ya mapumziko. Walikufa watu 844. Meli hiyo ilijulikana tangu zamani kwa kwenda mrama, na mwaka huohuo ilikuwa imeongezewa mashua za kuokolea, zikawekwa sitaha za juu. Fikirini jambo hilo: vifaa vilivyoletwa kulinda maisha viliongeza uzito mahali pasipofaa, na chombo kilichokuwa hakina utulivu kikazidi kuukosa.

Somo lake kwa boti zetu za matembezi ni la kila siku. Wageni wote hupenda sitaha ya juu, kwa kuwa ndiko picha zinakopatikana. Jazeni sitaha ya chini kwanza, kisha ruhusuni watu kupanda mpaka idadi iliyoandikwa kwenye cheti cha chombo kwa sitaha hiyo, na mtu mmoja asimame kwenye ngazi kuwazuia wanaozidi. Mwongozaji naye achunge ulimi. Akisema "njooni huku muone," watu wote wataegemea ubavu mmoja kwa mpigo. Aseme hivi: "Jengo hili linapita kushoto sasa, tukirudi litakuwa kulia, kila mtu ataliona akiwa kwenye kiti chake." Bila shaka hilo linawezekana tu ikiwa nahodha na mwongozaji wamekubaliana njia ya kurudi kabla ya kung'oa nanga, na hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza.

Idadi ya abiria pekee haitoshi, kwa sababu miili haina uzito sawa. Boti ya Ethan Allen ilipopinduka katika Ziwa George, jimbo la New York, Oktoba 2005, walikufa watu 20 kati ya abiria 47. Uwezo wake wa kubeba watu ulikuwa umepimwa kwa kukadiria kilo 64 hivi kwa kila abiria, kipimo cha miaka mingi nyuma. Walinzi wa Pwani wa Marekani baadaye walipandisha kadirio hilo hadi pauni 185, yaani kilo 84 hivi. Tofauti ya kilo 20 kwa abiria 47 inakaribia tani nzima. Mwanachama yeyote anayekodi boti ya zamani amuulize mmiliki cheti kilitolewa mwaka gani na kwa kadirio la kilo ngapi kwa mtu. Mmiliki akishindwa kujibu, tafuteni boti nyingine.

Halafu kuna kuhesabu. Boti ya Marchioness ilipogongwa na meli ya kuchota mchanga katika Mto Thames usiku wa kuamkia 20 Agosti 1989, walikufa watu 51. Waliokuwamo walikuwa kiasi cha 130, na mpaka leo idadi hiyo hutajwa kwa makadirio. Kila boti ihesabu watu mara mbili, kwa kifaa cha mkononi cha kubonyeza na kuhesabu, na watu wawili tofauti: mmoja mlangoni, mwingine baada ya abiria kukaa. Hesabu zikipishana, kamba haifunguliwi. Idadi ya mwisho ibaki nchi kavu kwa maandishi, maana karatasi iliyozama na chombo haimsaidii mwokoaji.

Kuhusu ratiba, wanaofanya kazi kwenye mito inayopata maji ya bahari wasipange saa za kuondoka kwa mwaka mzima kama ratiba ya treni. Katikati ya London, Thames huweza kupanda na kushuka kwa mita 7 hivi wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Boti iliyopita chini ya daraja asubuhi kwa nafasi tele inaweza kukwama saa chache baadaye. Maji yakipwa sana, tatizo huhamia gatini: daraja la kushukia huwa na mteremko mkali, na mgeni mwenye kiti cha magurudumu hawezi kuupanda peke yake. Tangazeni saa za kuondoka mwezi kwa mwezi, mkiwa na jedwali la kujaa na kupwa kwa maji mkononi. Tower Bridge, daraja la Thames linaloinuliwa, hufunguliwa kwa chombo kirefu kwenda juu kilichotoa taarifa angalau saa 24 kabla, kwa hiyo ziara inayotaka kuonyesha daraja likifunguka ipangwe kwa kufuata orodha ya siku hiyo. Paris nako, Seine ikifurika, boti za watalii husimama kwa sababu nafasi chini ya madaraja huisha. Kila mwendesha boti awe na njia ya miguu iliyokwisha kutembelewa, tayari kwa siku kama hiyo.

Kwenye basi, malalamiko makubwa ni ya kusubiri. Wapo wanaotangaza kwamba basi hupita kila baada ya dakika 30 kwenye mzunguko wa saa 2, huku wana mabasi manne. Kwa karatasi inatosha, dakika 120 kugawanya kwa 30. Barabarani haitoshi, kwa sababu hakuna dakika hata moja ya foleni, ya dereva kupumzika, wala ya mzee anayeshuka taratibu kutoka ghorofani. Wekeni mabasi matano, au tangazeni dakika 40. Basi likichelewa, hukuta watu wengi zaidi kituoni, huchukua muda zaidi kuwapakia, huzidi kuchelewa, na la nyuma yake hulifikia likiwa tupu. Dawa ni kituo kimoja cha kusawazisha, ambapo basi lililowahi huzuiwa mpaka dakika zake zitimie. Abiria waelezwe sababu; wakijua, hawanung'uniki.

Maelezo ya ndani ya basi yana hesabu yake. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, basi hupita mita 8 kila sekunde. Sentensi ya sekunde 10 hula mita 80, na jengo limeshapita. Tajeni upande kwanza, kisha kitu, kisha habari yake: "Kulia, mnara wa saa." Anayeanza na mwaka wa ujenzi huwaacha wageni wakigeuza shingo bila kujua watazame wapi. Kwenye ghorofa iliyo wazi, tangazo la kutosimama lirudiwe kila abiria wapya wanapopanda, na njia ipitiwe kila mwezi kuangalia matawi, kwani mti hukua na cheti cha njia hakibadiliki.

Kwa angani nitasema machache. Kila abiria apimwe kwa mizani akiwa na begi lake, asiulizwe tu uzito wake, kwa sababu rubani hupanga viti kwa uwiano wa uzito. Abiria aifikie helikopta kutoka mbele au ubavuni, mahali rubani anapomwona, kamwe asipitie mkiani. Kofia na mitandio vibaki chini. Tarehe 11 Machi 2018, katika ziara ya milango wazi juu ya New York, kamba ya kumshikilia abiria ilinasa kwenye kishikio cha kukata mafuta, injini ikazimika, helikopta ikatua mtoni na kupinduka. Abiria wote watano walikufa maji kwa sababu mikanda yao ya ziada haikufunguka upesi, rubani alijiokoa. Msimamo wa kamati ni kwamba mwanachama asiuze tiketi ya safari ambayo mkanda wake abiria hawezi kuufungua mwenyewe kwa mkono mmoja.

Ziara ya miguu ndiyo tunayoidharau kwa kuwa haihitaji chombo, na ndiyo inayomfundisha mgeni jiji kuliko zote. Amsterdam iliweka kikomo cha watu 15 kwa kundi katikati ya mji. Venice mwaka 2024 ikaweka 25 na kupiga marufuku vipaza sauti. Tusingoje kuwekewa sheria. Zaidi ya watu 20, wa nyuma hawasikii na wa mbele wameshachoka kusubiri. Kwa saa 2, panga kilomita 2 hadi 3 tu, na vituo visivyozidi 12. Usianze kueleza mpaka wa mwisho afike. Simama wewe ukitazama jua, wageni wageuzie jua mgongo, na kundi likae mahali ambapo wapita njia hawalazimiki kushuka barabarani. Taa ya kuvukia ikiwa imeshawaka kwa muda, subiri nyingine. Kundi linalokatika katikati ya njia hupotezana hapohapo. Hesabu baada ya kila barabara kubwa. Na vyoo: kimoja kabla ya kuanza, kingine kabla ya nusu ya safari, vyote viwe vimekaguliwa siku ileile kama viko wazi. Hakuna simulizi itakayomshika mtu anayetafuta choo.

Kamati inaleta maazimio mawili mbele ya mkutano mkuu. La kwanza, kikomo cha watu 20 kwa kundi la miguu kwa kila anayevaa beji ya chama. La pili, idadi ya abiria wa boti iachwe gatini kwa maandishi kabla ya kila safari, na daftari hilo likaguliwe na kamati bila taarifa. Nakala za maazimio yote mawili ziko kwa katibu. Mwenye marekebisho ayapeleke kwa maandishi kabla mkutano haujafunguliwa, akitaja kifungu anachotaka kibadilishwe.

Mwenyekiti